Supu ya Arubaini

London, 12 Machi 1970

Kwa dada yangu Bi Mwatima,

Mtu mwenye bahati kama mie, dada, Unguja haijazaa wa pili, na ikimzaa watamharibu kwa malezi. Shikamoo kwanza, nisije nikaambiwa Ulaya imenivua adabu.

Mabaharia nshawaachia bahari yao. Nimepata kazi hospitali, tena si ya kufagia. Jiko lote la hospitali liko chini yangu. Wazungu wazima wenye ndevu wananingoja nionje ndipo wapakue. Muhiddin imewashinda ulimi, wananiita Mista Mudi, na mie naitika, maana mtu aliyeshindwa kupika kabichi huwezi kumdai atamke jina la watu. Wanaichemsha kabichi mpaka inatubu. Samaki wanamkaanga bila chumvi wala ndimu, kisha wanamfunga gazetini kama takataka, na hapo wana haki.

Mie nala nyama. Asubuhi kabla ya chai nyama, mchana nyama, na usiku nikiwa sina njaa nala kidogo kwa kuiheshimu. Afya yangu usiulize. Ukinipiga ngumi, mkono utakaovimba ni wako.

Nasikia Wanu wangu ana mimba na siku zake zimekaribia. Huyo Hamad mumewe simjui, ila mama yake, Bi Kidawa, namjua vizuri. Alikuwa hapiti mlangoni petu ila ameziba pua, na pale hapakuwa na kilichonuka ila mafuta yake mwenyewe. Mwambie mpwa wangu asiwaogope wale. Ana mjomba Ulaya.

Nisalimie shangazi Duni, magoti yake vipi? Ya huko mengine sikuulizi, na weye usiniandikie.

Ndugu yako,
Muhiddin


Mkunazini, Unguja, 20 Mei 1970

Kwa mdogo wangu Muhiddin,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa na kufungwa upya. Aliyeifungua nadhani alicheka, maana gundi imekaa upande.

Salamu zako kwa shangazi Duni nimezipeleka kaburini. Shangazi amekufa mwaka wa sitini na sita, na weye mwenyewe ulileta rambirambi, ukurasa mmoja wa kumlilia yeye na miwili ya kujisifu. Hivyo Ulaya wanakupa nini unywe?

Sisi hatujambo. Mchele tunaupata kwa foleni, na aliye mbele yako ndiye anayejua bei ya kila kitu isipokuwa ya kunyamaza. Sisemi zaidi.

Wanu amejifungua mtoto wa kiume, Abdulla, mweupe, na masikio yako, maskini. Mzazi wa mwanzo anazalia kwa mama yake, na hilo halijapata kubishaniwa tangu dunia iwe dunia. Bi Kidawa kalibisha. Alikuja kutazama chumba nilichomtayarishia, akakaa ukingoni mwa kiti kama kiti kina upele, akasema, "Bi Mwatima, hapa hewa haipiti. Mkaza mwanangu atakaa kwangu, ale vizuri." Kwamba mie nisingemlisha. Hamad alisimama nyuma ya mama yake akitazama dari. Mwanamme mzima, na dari yetu haina la kutazamwa.

Haki nimpe, kula Wanu anakula. Supu ya kuku asubuhi, supu ya pweza mchana, mayai, maini, na uji wa pilipili manga juu yake. Mji mzima unahangaika na vipande vya mifupa, Bi Kidawa kuku hamkauki. Kwa mlango gani, mie sijui, na asiyejua halali na hofu.

Barua yako niliisoma kwa sauti kwao, khasa pale penye nyama, wajue kwamba Wanu ana kwao. Bi Kidawa kafurahi, jambo la ajabu. Kasema, "Basi na mpwawe ale kama mjomba wake." Akamwongeza bakuli.

Wanu hajambo. Amechoka tu. Anasinzia sana, na supu nyengine anairudisha. Jana nilipoingia kaniuliza, "Bibi, unamtaka nani hapa?" Nikamwambia ni mie mama yako. Akasema, "Aa," kama mtu aliyeambiwa saa ngapi. Wenyewe wanasema ni usingizi wa uzazi. Na mie nasema hivyo hivyo.

Dada yako,
Mwatima


London, 28 Juni 1970

Dada, shikamoo.

Barua yako ilifika zamani kidogo. Sikujibu upesi kwa sababu jiko halina mwenyewe nisipokuwapo. Na la shangazi Duni, kichwa cha mtu mkubwa kina mengi, moja mbili humwagika. Mungu amrehemu, na magoti yake.

Sasa nisikilize, na cheko uliweke kando, nami nitajaribu.

Usingizi wa uzazi ni jina la nani hilo? Aliyelitunga ni yule yule Bi Kidawa, ambaye tangu nimjue hajapata kusoma ila bei kwenye kanga. Mama alipomzaa yule mtoto wake wa mwisho, naye alisinzia. Naye aliturudishia supu. Weye ulikuwa mkubwa, unakumbuka kuliko mie, lakini na mie sikuwa kipofu. Naikumbuka kamba, dada. Walimfunga kitandani, na wakawa wanamnywesha mchuzi kwa kijiko ili apate nguvu.

Na kabla ya hapo, mama alikuwa mtu wa namna gani? Kazaliwa Kizimkazi, pwani, na samaki hali. Nyama hali. Yai akilinusa anageuza uso. Muhogo wa nazi, mchicha, ndizi, wali mkavu. Watu walimcheka, wakasema anajifanya mtoto wa Sultani. Wakati wa uzazi ndipo walipomshika wakamlisha kwa nguvu, kwa kumpenda. Na mjomba Ame, kaka yake, yeye je? Alikufa siku ya tatu ya karamu ya harusi yake akisema na ukuta, wakasema jicho. Jicho la nani? Alimwoa nani hata aonewe wivu?

Nina daktari hapa, rafiki yangu mkubwa, tunakaa tukizungumza kila siku. Nimemweleza ya Wanu. Kaniambia hivi, nami nakuandikia kwa maneno ya kwetu. Nyama, samaki, mayai, kunde na maharage, mwili ukishavisaga vinatoa taka. Mimi na weye ini letu linaitupa taka nje. Wapo watu wamezaliwa na ini lisilojua kazi hiyo sawasawa. Basi taka inabaki kwenye damu, inapanda kichwani. Mtu anatapika, anasinzia, anasema ovyo, hamjui mama yake. Si pepo, si wazimu. Ni sahani. Na inatoka kwa mama kwenda kwa watoto. Inaweza kulala kimya miaka na miaka mpaka siku ya uzazi, au ya homa, au ya karamu.

Kwa hiyo ondoeni supu. Ondoeni yote. Mpeni wali, viazi, muhogo, ndizi, uji wa sukari mara kwa mara. Na asikae na njaa hata kidogo. Daktari kasema mtu huyo akikaa na njaa, mwili wake unajila nyama yake wenyewe, na ni yale yale. Mpelekeni hospitali mkayaseme haya. Na mganga yeyote akikanyaga kizingiti, mwagieni maji ya kuoshea vyombo, awe na sababu ya kunuka.

Anakula nini Wanu? Niandikie. Na shangazi Duni hajambo?

Muhiddin


Mkunazini, 15 Agosti 1970

Kwa Muhiddin,

Umeniuliza anakula nini, nami nshakwambia anakula nini. Umemuulizia tena shangazi Duni. Muhiddin, unakunywa pombe? Sema kweli. Tulipata kusikia maneno hayo kutoka kwa watu wa meli, nikawatukana kwa ajili yako.

Na ya mama usiyaandike tena kwenye karatasi. Barua zinasomwa na watu kabla yangu. Nina mabinti wengine wawili ndani hawajaolewa.

Umechelewa, nami nitakwambia yote sasa, maana hata nikificha, mtaa mzima unajua. Arubaini zilipokwisha, Wanu alikuwa hatambui mtoto. Bi Kidawa akamleta mganga kutoka shamba, mtu mmoja anaitwa Pandu, ana koti la suti na miguu mitupu. Kanusa udi, kafumba macho, kasema pepo huyu ni mkubwa na hajalishwa. Mwanzo wakamfungisha siku mbili, asile kitu, ili pepo ashuke. Kisha wakaweka chano: mayai mabichi, kuku, nyama ya mbuzi, na damu ya mbuzi kwenye kibuyu. Mie nilikuwapo. Wanu alikinywa chote. Ngoma inalia, watu wanapiga makofi, Pandu anasema, "Mnamwona anavyokunywa? Si yeye huyo." Nami nikaamini, kwa sababu mwanangu damu hajapata hata kuitazama.

Akaanguka. Akalala siku mbili bila kufumbua jicho.

Ndipo tulipompeleka hospitali. Wakamtia maji ya sukari mshipani, akaamka. Daktari, mgeni yule, Kiswahili chake cha kuvunjika lakini mtu wa subira, aliniuliza kwa upole, "Mama, katika familia, nani alipata kuumwa hivi?" Bi Kidawa amesimama pale, Hamad amesimama pale. Nikasema hakuna. Ungekuwapo ungesema nini weye, mwenye Ulaya?

Ikapita wiki nzima mjini hapana samaki wala nyama, kusi limevuma na soko tupu, hata Bi Kidawa milango yake ilifungwa. Tukala muhogo sote. Wanu akakaa kitako. Akamtaka mtoto, akamnyonyesha, akaniambia, "Mama, nywele zako zimekuwa nyeupe lini?" Nilitoka nje nikalia. Kisha wakachinja mbuzi wa akika ya Abdulla, akalishwa maini kwa kuwa sasa ana nafuu, na siku ya pili akawa anapanga mito sakafuni akisema ni watoto wake.

Mambo yako ya sahani niliyatia sikioni mwa Hamad. Kajibu, "Mama, mke wangu nimlishe muhogo na majani? Watu watasema nimemuua kwa njaa ili nioe." Na Bi Kidawa akaingia: "Kama ni damu ya kwao, mbona mjomba mtu anakula nyama asubuhi, mchana na usiku? Barua si alituletea yeye mwenyewe?" Na weye ulisema mwenyewe, mimi na weye ini letu lajua kazi yake. Kwa hiyo damu haina kosa, na huyo daktari wako akuazime akili au aichukue yake.

Hamad kasema mwezi ujao atampeleka hospitali ya wenye wazimu, na mtoto abaki kwa bibi yake. Talaka hajaitaja. Bi Kidawa anaitaja kwa niaba yake.

Mwatima


Simu ya maandishi, London, 2 Septemba 1970

MSIMPELEKE WANU. MSIMPE NYAMA SAMAKI MAYAI. MWAMBIE DAKTARI YA MAMA. MUHIDDIN


Mkunazini, 11 Septemba 1970

Muhiddin,

Simu yako imekuja, na kila aliyeiona kabla yangu sasa anajua kwamba tuna ya mama.

Basi nikaenda. Nikamwambia daktari, peke yetu, yote: samaki, kamba, mjomba Ame, yule mtoto wa mwisho wa mama aliyekufa mchanga. Nilidhani atanitazama kama walivyotutazama wakati ule. Aliandika tu. Akasema mbona hukusema mwanzo, nami nikasema kwa sababu nina mabinti. Akatikisa kichwa, hakunicheka.

Kamwita Hamad. Kamwambia anaomba aachiwe mgonjwa mwezi mmoja, apewe chakula cha namna ile uliyoandika, wasimletee kitu kutoka nje hata kijiko. Lakini kwa uchunguzi wa damu hana mashine, ana maneno tu, na idhini ni ya mume. Hamad akavuta barua yako ya Machi mfukoni. Ameiweka, Muhiddin. Mama yake ndiye aliyempa. Kamsomea daktari ile ya nyama ya asubuhi, kamsomea na ile ya ngumi. Kasema, "Bibi alikufa zamani, hana shahidi. Huyu mjomba ni mtoto wake wa tumbo, yu hai, na ni pande la mtu. Mnanichezea."

Si mbaya Hamad. Nilikaa naye ngazini baadaye. Kaniambia, "Mama, mimi nampenda Wanu. Lakini nikimwacha hospitali na muhogo akafa, nitamwambia nini Abdulla?" Nikaona ni mtoto tu, anamwogopa mama yake kama tulivyomwogopa baba. Kasema atangoja mpaka mwanzo wa Oktoba. Anataka neno lako mwenyewe, kwa mkono wako.

Sasa nakuuliza mie, si Hamad. Simu yako haikuwa na mzaha hata mmoja. Weye hujapata kuandika maneno kumi bila mzaha. Una nini?

Dada yako


London, 19 Septemba 1970

Kwa dada yangu Bi Mwatima, na kwa Hamad, asomewe yote, na Bi Kidawa akitaka naye akae, ila asizibe pua.

Shikamoo dada. Nimefurahi kwamba Abdulla ananyonya. Masikio yatamkaa, mie yamenikaa.

Hamad, mwanangu, mie sikujui, nawe umenijua kwa barua moja, na kwa barua ile ungekuwa na haki ya kunipa nchi niitawale. Umeuliza swali la mtu mwenye akili. Kama ni damu ya kwao, mjomba mbona mzima? Jiko zima la Bi Kidawa halijapata kutoa swali kama hilo. Nakujibu, na daktari wa huku ameandika yake kwa Kiingereza kwa daktari mwenzake wa huko, imo humu ndani, mpe.

Pombe sijapata kuionja. Melini walinifukuza kwa ulevi. Nilikuwa napeleka chai, nasimama kwenye ngazi na sinia, sijui nakwenda juu au chini. Nikaitwa mlevi na watu ambao wao wenyewe walikuwa wamelewa wakati wa kuniita. Tangu utoto nyama ilikuwa hainipiti, nikaila kwa sababu nilichoka kuchekwa kama mama. Mwanamme asiyekula nyama katika meli atakula nini, maneno? Nikila nyingi kichwa kinauma, siku mbili tatu nakuwa mjinga, kisha napona najisifu. Nadhani kujisifu kwangu kote, dada, ni kwa ajili ya siku zile za ujinga, watu wasizione.

Idd Kubwa iliyopita tulichinja kwa Wasomali, mtaa wa bandarini. Nilikula kushindana. Siku ya pili nilikutwa barabarani na kanzu, theluji inaanguka, namtafuta mama. Askari walinichukua.

Ndipo walipoifahamu hali yangu, kwa bahati ya daktari mmoja aliyeuliza nakula nini badala ya kuuliza nakunywa nini. Damu yangu wameipima mpaka nimebaki ganda. Wanasema mtoto wa kiume wa mama kama wetu mara nyingi hafiki ukubwa, mie nimefika kwa kuwa ini langu limeharibika nusu tu. Hata katika kasoro ninapata daraja la pili.

Na nikuambie na hili, Hamad, lisomwe mara mbili. Mwezi wa Machi nilikuwa sijui siku. Ndiyo maana nikamsalimu shangazi aliyekufa. Juni nikaanza kurudi, lakini nikawa nauliza jambo nililojibiwa. Mwanzo wa mwezi huo niliiba kipande cha kuku cha mwenzangu, nikapotea tena wiki nzima, hiyo ndiyo jiko lisilokuwa na mwenyewe. Sasa nala viazi, wali, mkate wao wa pamba, jamu, na kabichi ile ile niliyoitukana. Barua hii nimeiandika kwa kikao kimoja. Nimehesabu na chenji ya stempu mwenyewe. Akili haikuwa imekufa, ilikuwa imezibwa. Ya Wanu vile vile. Kwa wiki ile ya soko tupu aliziona nywele nyeupe za mama yake. Nani mwengine alikuwa ameziona?

Kwa hiyo mwachie kwa daktari. Mpe muhogo, na watu waseme. Hao watu wanaosema ndio walioleta kamba kwa mama yetu. Ukimpeleka kwa wenye wazimu watamlisha maharage kila siku, kwa nia njema, na utamzika.

Dada, na mabinti wale wawili wapimwe mdomo kabla ya mahari. Nani kati yao anamsukuma samaki pembeni ya sahani? Usimlazimishe.

Sikukuandikia mapema kwa sababu mlikuwa mnaisoma barua yangu barazani, nikaona katika zote nilizowapelekea tangu sitini na nne, ni hiyo tu iliyowapendeza. Basi ichaneni.

Sina kazi. Sijapata kuwa mkuu wa jiko lolote. Rafiki yangu daktari ninayezungumza naye kila siku, anazungumza nami kwa sababu kitanda changu kiko katika zamu yake. Mimi ni mgonjwa, Hamad, ugonjwa wa mkeo. Nyama sili. Nikila, nawehuka.

Muhiddin